Hesabu Tatu za Rufiji

Kwa mkulima wa bonde la Rufiji, mafuriko yalikuwa sehemu ya kilimo. Maji hupanda msimu wa masika, humwaga tope jipya mashambani, kisha hushuka. Kabla ardhi haijakauka, watu hupanda mahindi, kunde na pamba katika unyevu uliobaki. Kilimo hicho wenyeji wanakiita mlau. Hakingoji mvua wala hakihitaji mbolea ya dukani. Mwaka maji yakizidi, mpunga husombwa, na familia huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, au kwa ndugu waishio juu. Maji yakishuka, wanarudi kupanda.

Mwaka 1968 maji yalizidi. Serikali ya Tanzania, iliyokuwa na umri wa miaka michache tu, iliona raia wake wamezingirwa na maji, ikalazimika kuwapelekea chakula, kisha ikakaa chini kupiga hesabu. Watu wametawanyika kandokando ya mto. Shule haiwezi kujengwa kwa ajili ya kaya tano, wala zahanati, wala kisima. Wakihamia ardhi ya juu na kukaa pamoja watakuwa salama, watoto watasoma, wagonjwa watatibiwa, na fedha ya serikali itafika mbali zaidi. Usumbufu ni wa msimu mmoja au miwili. Faida ni ya vizazi. Vijiji kama Ikwiriri na Mkongo vikapokea wahamiaji. Operesheni Rufiji ikawa miongoni mwa za mwanzo katika mlolongo wa operesheni zilizokuja kuigeuza nchi nzima.

Ukiisoma hesabu hiyo ukiwa ofisini, huoni pa kuikosoa. Ni hesabu ya mtu mwema, na katika makala haya nataka kuichunguza kwa sababu hiyo hasa. Ubaya wa mtu mbaya hauhitaji falsafa kuufafanua.

Hesabu ya namna hii ina wazee wake. Jeremy Bentham, mwanasheria wa London aliyezaliwa mwaka 1748, alifundisha kwamba tendo jema ni lile linaloleta furaha kubwa zaidi kwa watu wengi zaidi, na kwamba furaha na maumivu vinapimika: ukali wake, muda wake, uhakika wake, idadi ya wanaoguswa. Ni rahisi kumcheka mzee huyu. Aliagiza kwamba akifa mwili wake upasuliwe kwa ajili ya elimu, na mifupa yake ivalishwe nguo zake mwenyewe. Mpaka leo ameketi ndani ya kabati la kioo katika chuo cha University College London. Kwake yeye, hata maiti haikupaswa kukaa bure.

Lakini itazame Uingereza aliyoishi. Makosa zaidi ya 200 yaliweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi, wizi wa kondoo ukiwa mmojawapo. Mwenye ardhi alikuwa na kura, kibarua wake hana. Katika nchi hiyo akasimama mtu akasema kwamba maumivu ya mwizi nayo yaingizwe kwenye hesabu, kwamba adhabu isiyozuia uhalifu ni ukatili mtupu, na kwamba hata mateso ya mnyama yana uzito. Kila mtu ahesabiwe mmoja, na asiwepo anayehesabiwa wawili. Wanaoipinga falsafa ya manufaa ya wengi huipita haraka sehemu hii, na sidhani wanaitendea haki. Falsafa hii inamnyima mkubwa nafasi ya kujibu hoja kwa kutaja cheo chake. Waziri akitaka barabara ipite kwao, anaulizwa: itawafaa wangapi, kwa gharama gani, na fedha hiyo hiyo ingewafaa wangapi ikipelekwa kwingine? Swali hilo likiulizwa kwa dhati, miradi mingi ya kujionyesha hufia mezani.

Mrithi wake John Stuart Mill anatugusa kwa karibu zaidi. Julius Nyerere, akiwa mwanafunzi Makerere katika miaka ya 1940, alishinda shindano la uandishi kwa insha iliyochukua hoja za Mill juu ya kukandamizwa kwa wanawake na kuzipima katika jamii yake mwenyewe ya Wazanaki. Simfanyi Mwalimu kuwa mfuasi wa Bentham; yeye aliongea zaidi juu ya utu na usawa kuliko juu ya furaha. Hata hivyo, hoja ya kuwakusanya watu ili huduma ziwafikie wengi kwa gharama ndogo ni hoja ambayo Bentham angeitia sahihi bila kusita.

Tatizo ni kwamba Mill mwenyewe aliacha mlango wazi. Katika kitabu chake juu ya uhuru cha mwaka 1859 alimtetea mtu binafsi dhidi ya serikali na dhidi ya umati kwa nguvu ambayo wachache wameifikia. Kisha akaweka mpaka mmoja: uhuru huo haukuwahusu watu aliowaona hawajastaarabika. Hao wangeweza kutawaliwa kwa amri, mradi nia iwe kuwaendeleza. Si ajabu sana, kwa kuwa alikuwa ameifanyia kazi Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki tangu 1823 hadi 1858. Wakoloni walipita katika mlango huo bila kuinama. Kinachouma ni kuona baadhi ya makada wetu nao wakiupitia baada ya uhuru, wakiwatazama wakulima kama watu ambao furaha yao inajulikana zaidi wilayani kuliko nyumbani kwao.

Mwaka ule ule wa mafuriko ya Rufiji, 1968, Nyerere aliandika wazi kwamba mtu hawezi kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Kulikuwa na mfano hai wa maneno hayo. Huko Ruvuma, kuanzia Litowa, wakulima walikuwa wameunda vijiji kwa hiari yao, wakajiendeshea mashamba na shule, na Mwalimu mwenyewe aliwasifu. Septemba 1969 chama tawala kikaivunja jumuiya yao. Walikuwa wamefanya kile serikali ilichokitaka, lakini bila kungoja kuelekezwa. Baada ya hapo zikaja Operesheni Dodoma mwaka 1970 na Operesheni Kigoma mwaka 1972, na Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri kwa nchi nzima, ndiyo Operesheni Vijiji, mwisho ukiwa mwaka 1976. Malori, mgambo na polisi vikaingia kazini. Mahali pengine nyumba ziliezuliwa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,600.

Turudi bondeni, maana ndiko hesabu ilikovuja. Ardhi ya juu ilikuwa salama kwa maji, lakini ilikuwa ya mchanga, ikitegemea mvua isiyotabirika, na nguruwe na nyani walikuwa wengi. Shamba lenye rutuba lilibaki chini, mbali na nyumba mpya. Kwa hiyo watu wakawa na maisha ya pande mbili: kwenye orodha ya kijiji wapo, msimu wa kilimo wako kwenye dungu. Maofisa wengine waliuona huo kuwa ukaidi. Wakulima walikuwa wanafuata chakula. Katika karatasi ya serikali, mafuriko yaliandikwa upande wa hasara peke yake, kwa sababu aliyeandika alikuwa anajua maji yanavyoharibu na hakujua yanavyolisha. Nchi nzima ilipokuja kuhamishwa, makosa ya aina hiyo yalizaana: vijiji vilivyopangwa kando ya barabara ili vifikike, mbali na mashamba, mbali na maji, mazao yakiachwa shambani bila kuvunwa. Ukame wa 1974 ulikuta nchi katika hali hiyo, na Tanzania ikalazimika kuagiza nafaka kwa wingi kutoka nje.

Sitaki kuishia hapo, kwa sababu itakuwa uongo wa upande wa pili. Sensa ya 1967 ilikuta takriban theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Jaribio la taifa la mwaka 1975 likakuta wasiojua ni wachache kuliko wanne kati ya kumi. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakutanisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza na kujadiliana, na vyoo vingi vikachimbwa. Wapo wasomaji wa gazeti hili ambao mama zao walijifunza kuandika majina yao katika madarasa ya miaka hiyo. Je, kijiji kilichangia? Kilichangia. Je, isingewezekana bila kuchoma nyumba za watu? Mtetezi wa operesheni hana jibu zuri kwa swali hilo, na mpinzani hana jibu zuri kwa lile la kwanza.

Hesabu ya pili ya Rufiji haijulikani kama ya kwanza, na mimi naona inapaswa kufundishwa shuleni. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na kituo cha utafiti wa maendeleo cha Canada, IDRC, ilianzisha mradi uliojulikana kwa kifupi kama TEHIP katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Swali lake lilikuwa la Bentham kabisa. Wilaya ina fedha kidogo ya afya. Je, inatumika kwa magonjwa yanayowaua watu?

Kulijibu, ilibidi kwanza kujua watu wanakufa kwa nini, na hospitali haikuwa na jibu kwa sababu vifo vingi vilitokea nyumbani. Wadadisi wakawa wanapita kaya kwa kaya, mara kadhaa kwa mwaka, wakiandika nani kazaliwa, nani kahamia, nani kafariki. Palipotokea msiba walirudi baada ya muda, wakakaa na ndugu wa marehemu na kuuliza taratibu: homa ilianza lini, mtoto alipata degedege, mlimpeleka wapi kwanza, dawa ilipatikana? Kutokana na majibu hayo madaktari walikadiria chanzo cha kifo. Majibu yalipojumlishwa, aibu ya bajeti ikaonekana. Malaria ilikuwa ikichukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, na mwaka 1996 ilipewa kama asilimia 5 ya fedha. Magonjwa mengine yalipata zaidi ya sehemu yake, mara nyingi kwa sababu tu yalikuwa na mradi wake na mfadhili wake.

Waganga wakuu wa wilaya wakapewa michoro rahisi inayoonyesha ugonjwa na fedha sambamba, pamoja na nyongeza ndogo isiyofika dola moja ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Wakahamisha fedha. Wahudumu wa zahanati wakafunzwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa magonjwa yote makuu kwa pamoja badala ya moja moja, vyandarua vyenye dawa vikahimizwa, usimamizi ukaimarishwa, wanavijiji wakakarabati zahanati zao. Katika takriban miaka mitano vifo vya watoto katika wilaya hizo mbili vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Hakuna hospitali ya rufaa iliyojengwa wala mgeni rasmi aliyekata utepe. Ukimwambia mama wa Ikwiriri kwamba kuhesabu watu ni kuwadhalilisha, atakushangaa.

Bonde ni lile lile, na falsafa, ukiitazama juu juu, ni ile ile. Hesabu ya 1968 ilifanywa kwa niaba ya watu. Ya pili ilianza kwa kukaa nao mkekani na kuwauliza, na ilipokosea iliweza kusahihishwa na takwimu za mwaka unaofuata, kwa kuwa hakuna nyumba iliyokuwa imechomwa. Tofauti hizo naziona kubwa kuliko zile zinazobishaniwa na wanafalsafa wenyewe.

Hata hivyo hesabu nzuri nayo ina meno. Kipimo cha miaka ya uhai iliyopotea, kilichosambaa duniani katika miaka ya 1990, hapo mwanzo kiliupa mwaka wa mtu mzima kijana uzito zaidi ya mwaka wa mtoto mchanga au wa mzee. Wazo lilikuwa kwamba kijana ndiye anayewalea wengine. Baada ya mabishano marefu uzito huo wa umri uliondolewa katika makadirio ya dunia ya 2010. Tafakari lakini: kwa miaka yote ile, mzee alikuwa amepunguzwa thamani ndani ya fomula ambayo hakuna mzee aliyeonyeshwa. Na mtoto mwenye ugonjwa adimu, ambaye dawa yake moja ingenunua vyandarua vya kata nzima? Mganga mkuu mwenye bajeti ndogo atachagua vyandarua, nami ningechagua hivyo. Lakini mtu anayechagua hivyo na kulala usingizi mtamu, bila kutaka kuiona sura ya mama wa yule mtoto, asipewe bajeti.

Bentham hakuwa na subira na habari za haki za asili. Aliziona kuwa upuuzi wa wanasiasa wa Kifaransa. Kwake, haki ni ile iliyotungwa na sheria, na sheria hutungwa kwa manufaa. Nchini mwetu ubishi huo ulifika mahakamani. Kuanzia miaka ya 1980 waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji walianza kudai mashamba yao kwa sheria, na baadhi wakashinda. Serikali ikaogopa, na hofu yake haikuwa ya kipuuzi: mamilioni walikuwa wamejenga na kuzaa juu ya ardhi iliyogawiwa upya. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila za kabla ya operesheni, ikazuia fidia, ikafunga hata mlango wa mahakama. Wengi wape, walisema wahenga. Baba na mwanawe, wakulima wa mkoani Arusha waliokuwa wameshinda kesi yao, wakaipinga sheria hiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikatamka kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, haichukuliwi bila fidia ya haki, na raia hafungiwi mlango wa mahakama. Wahenga hao hao walisema pia: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 15 kinathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanyika vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, uwe ulifuata sheria au uliikiuka. Sheria za ardhi za mwaka huo huo zinaweka kanuni kwamba fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati. Ukizisoma pamoja unaona nchi inayojibishana yenyewe. Kwa maoni yangu Bunge halikuwa na njia nyingine. Kuwang'oa watu kwa mara ya pili ili kufuta kosa la mara ya kwanza kungekuwa operesheni nyingine. Ila uamuzi sahihi unaweza kuacha deni nyuma yake, na hapo ndipo naachana na Bentham. Kwake, ukishapata jumla iliyo kubwa zaidi, kazi imekwisha. Mimi naona aliyelipa ili jumla hiyo ipatikane bado anatudai, hata kama tulikuwa sahihi kumlipisha.

Hesabu ya tatu bado iko mezani. Bwawa la Mwalimu Nyerere, kwenye korongo la Mto Rufiji, lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Mtambo wa kwanza uliingizwa kwenye gridi mapema mwaka 2024. Aprili mwaka huo mvua zilikuwa kubwa, maji yakaachiwa, na maelfu ya watu wa Rufiji na Kibiti wakajikuta tena ndani ya mafuriko. Serikali ikaeleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Mimi si mhandisi, na sioni aibu kusema naufurahia umeme huu. Chumba cha upasuaji kisichozimika gizani ni furaha ambayo hata Bentham asingehitaji kuipigia debe.

John Rawls, mwanafalsafa wa Marekani, alitoa mwaka 1971 pingamizi linalofaa kukumbukwa hapa. Mtu mmoja anaweza kujinyima leo ili ale vizuri kesho, maana tumbo ni lile lile; jamii haiwezi kujifanya mtu mmoja. Mkulima wa Muhoro, bondeni Rufiji, anayekosa mlau na mwenye kiwanda wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, anayepata umeme ni matumbo mawili. Na bwawa linaweza kumnyima mkulima kwa njia mbili zinazopingana: maji yakiachiwa kwa wingi ghafla yanamzamisha, yakizuiwa sana mto haupandi mashambani na tope halifiki. Uvuvi wa kamba na mikoko ya delta navyo vinategemea mto huo huo.

Kuna mambo yanayoweza kufanywa bila kubomoa chochote. Bonde hili tayari linajua kazi ya kupita nyumba kwa nyumba na kuandika. Wadadisi warudi, safari hii waulize kuhusu mashamba: maji yalifika lini, yalikaa siku ngapi, nani alipanda mlau na nani hakupanda. Majibu yawekwe mbele ya wanaopanga ratiba ya kufungua milango ya bwawa, na wakulima wawe na viti kwenye kikao hicho. Sehemu ya mauzo ya kila uniti itengwe kwa ajili ya wilaya za chini ya mto, kwa kiwango kinachojulikana na kinachoweza kudaiwa mahakamani. Bei ya umeme itapanda kidogo kwa sisi tulio mijini. Ikipanda, tutakuwa tumeanza kulipa gharama halisi ya umeme tunaoutumia.